TUMTULIZE KWANZA, HABARI BAADAYE

Kila mwaka tarehe 7 Aprili watu wa Rwanda huanza kuomboleza ndugu zao. Mwaka 1994 Watutsi wengi mno waliuawa huko kwa muda wa siku 100 hivi. Katika maombolezo hayo, mara nyingine mtu hupiga kelele ghafla. Hutetemeka na kutaka kukimbia. Husema, "Wanakuja!" Hakuna anayekuja, lakini yeye anawaona. Wanyarwanda huiita hali hii ihahamuka.

Je, mtu huyu ana wazimu? Hapana. Wazee walisema, la mgambo likilia lina jambo. Mwilini mwa kila mtu imo mbiu kama hiyo. Ukikutana na simba, mbiu hulia. Moyo huenda mbio, pumzi hukatika, miguu hutaka kukimbia. Simba akienda zake, mbiu hunyamaza. Lakini kwa mtu aliyeponea vita, ajali mbaya au kubakwa, mbiu huweza kulia hata pasipo jambo. Harufu ya moshi tu, au mlango ukigongwa kwa nguvu, basi.

Watu wengine humfunga mtu kama huyu kamba. Wengine humwambia, "Wewe sahau, yamepita." Hayo hayamsaidii. Kamba humzidishia hofu.

Basi, tufanye nini?

1. Tumpeleke mahali penye utulivu. Watu wasimzunguke. Tusimshike kwa nguvu.

2. Tuseme naye polepole, kwa jina lake. "Mama, mimi ni jirani yako. Uko nyumbani. Hapa ni salama."

3. Akanyage chini kwa miguu yote miwili. Ataje vitu anavyoviona: mti, mbuzi, jembe. Hivyo akili yake inarudi hapa, inarudi leo.

4. Avute pumzi kwa pua tukihesabu mpaka tatu. Aitoe taratibu tukihesabu mpaka sita. Pumzi ikitoka taratibu, moyo nao hupunguza mbio.

Tusimlazimishe kusimulia yaliyompata. Akitaka kusema, tumsikilize. Akinyamaza, tukae naye.

Je, habari yenyewe haisemwi kamwe? Husemwa, lakini kwa utaratibu, mbele ya mtu aliyefundishwa. Katika tiba moja ya mazungumzo, kamba hutandazwa chini. Kamba hiyo ni maisha ya mgonjwa tangu kuzaliwa. Penye mambo mema huwekwa maua, penye mabaya huwekwa mawe. Kisha husimulia maisha yake kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Mbiu ikianza kulia, mshauri humkumbusha kuwa yuko hapa, na ni leo. Mwisho jiwe hukaa katika mwaka wake, halimfuati tena kila siku.

Tiba hiyo ilitumiwa kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia huko Nakivale, Uganda. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Wagonjwa wengi walipata nafuu.

Hali ikizidi mwezi mmoja, mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Akisema heri afe, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo.

Ndugu wasomaji, kumtuliza mwenzetu kwataka subira na sauti ya upole. Mbiu ya jirani ikilia, tusikimbilie kamba. Tukae naye.