Pedali ya Klachi Inapolegea: Maelezo kwa Mkulima Mwenye Lori

Mkulima mwenye lori la kupeleka mazao sokoni hana budi kuijua klachi yake. Nyanya zilizokwisha kupakiwa hazimngojei fundi, na dereva anayelazimisha gia zinazolia huharibu kitu cha thamani kubwa kuliko raba iliyoanza kuvuja. Ukiona pedali imekuwa laini, inashuka mpaka chini pasipo kuukataa mguu, au gia ya kurudi nyuma inalia inapotiwa, usiendelee na safari. Lori ambalo klachi yake haiachi laweza kumsukuma mtu aliyesimama mbele yake, hata kama dereva amekanyaga pedali.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Katika malori mengi madogo pedali haivuti waya, bali husukuma mafuta ya breki. Ukikanyaga, silinda kubwa iliyo karibu na pedali huyapeleka mafuta kwa bomba mpaka silinda ndogo iliyo kando ya giaboksi. Nayo husukuma mkono unaoiachanisha sahani ya klachi na injini. Mafuta hayabonyei, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika. Hewa hubonyea, basi ikiingia kidogo tu, nguvu ya mguu hupotea katika kuibonya.

KUTAFUTA UBAYA

Usibahatishe. Zima injini, zuia magurudumu kwa mawe, kisha ufuate utaratibu huu:

1. Tazama kopo la mafuta. Kama kopo ni la klachi peke yake na mafuta yamepungua, pana mahali panapovuja. Kuongeza mafuta tu si dawa.

2. Papasa kwa kidole penye silinda kubwa juu ya pedali, kisha bomba lote, kisha mpira unaofunika silinda ndogo. Palipo na majimaji ya mafuta ndipo penye ubaya.

3. Kanyaga upesi mara tatu au nne. Pedali ikikaza, kisha ikalegea tena baada ya muda, yaelekea kuna hewa ndani.

4. Kanyaga na kushikilia. Pedali ikizama polepole, wala hakuna tone nje, raba za ndani ya silinda kubwa zimechakaa na mafuta yanapita kando yake.

5. Mwenzako akanyage, nawe utazame mkono wa silinda ndogo. Ukisogea kidogo tu, ubaya u katika mafuta au silinda. Ukisogea sawasawa na gia bado zinalia, ubaya u ndani ya klachi yenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi. Tazama pia bomba la mpira: likivimba pedali inapokanyagwa, libadilishwe.

KUTOA UPEPO

Kwanza ziba panapovuja kwa kubadili raba au silinda. La sivyo kazi yako itakuwa bure. Jaza kopo kwa mafuta mapya ya namna iliyoandikwa kwenye kifuniko, kama DOT 3 au DOT 4. Vika mpira mwembamba unaopenya nuru kwenye nati ndogo ya kutolea upepo, iliyo juu ya silinda ndogo, na ncha yake uizamishe katika mafuta ndani ya chupa.

Mwenzako akanyage mpaka chini na ashikilie. Fungua nati kidogo. Mafuta na mapovu yatatoka. Funga nati kwanza, ndipo aachie mguu, maana akiachia mapema hewa itavutwa ndani tena. Rudia hivyo mpaka mapovu yakome, ukiongeza mafuta kila mara ili kopo lisikauke. Mwisho ukaze nati bila kuikaza mno, kwa kuwa hukatika upesi.

MAMBO YA KUEPUKA

Usitie kamwe mafuta ya injini, dizeli wala mafuta ya taa; huvimbisha raba na kuziharibu zote. Usirudishe katika kopo mafuta yaliyotoka. Usitumie chupa iliyokaa wazi, kwani mafuta haya hunywa unyevu wa hewa: DOT 3 mapya hayachemki kabla ya digrii 205 za sentigredi, lakini yaliyokwisha kunywa maji yaweza kuchemka kwenye digrii 140, na mvuke huo huilegeza pedali kama hewa. Tena ni sumu na hubabua rangi. Yakimwagika, osha kwa maji mengi, na chupa iwekwe mbali na watoto.

Ikiwa kopo lahudumia klachi na breki pamoja, upungufu wa mafuta ni hatari kwa breki pia. Lori lisitoke mpaka litengenezwe. Na ikiwa silinda ndogo imefichwa ndani ya giaboksi, au klachi yasaidiwa na upepo wa mtungi kama katika malori makubwa, mwite fundi.

Mwenye kutazama kopo la mafuta kila juma, na kuyabadili yote kila baada ya miaka miwili hivi, atauona ubaya ungali mdogo, kabla mazao hayajapakiwa.