Kazi ya Kusikiliza: Je, Mfanyakazi Aweza Kuisomea?



Katika ofisi za chama huja watu wenye barua za kusimamishwa kazi, au hesabu za makato yasiyoeleweka. Sisi tulio katika kazi hii tunajua kwamba mara nyingi barua ni mlango tu. Ikishasomwa, mtu hubaki ameketi. Ndipo anapolitoa la pili: nyumbani hakuna amani, usingizi umepotea, pombe imemzidi. Hayo hayamo katika mkataba wa kazi. Kwa hiyo wapo wenzetu wanaouliza: je, mfanyakazi aweza kusomea ushauri nasaha huku akiendelea na zamu zake? Jibu letu ni ndiyo, lakini gharama yake ijulikane mapema.

USHAURI WA NAMNA GANI?

Namna ziko nyingi. Tunayoizungumzia ni ile inayomweka binadamu mbele, iliyoenezwa na Carl Rogers wa Marekani (1902–1987). Alikulia shambani tangu umri wa miaka 12, akaingia chuo kikuu kusomea kilimo kabla ya kugeukia elimu ya nafsi. Kisha alifanya kazi miaka 12 na watoto wenye matatizo katika mji wa Rochester. Huko alikutana na mama aliyekuwa na mtoto mtukutu. Rogers alijitahidi kumwonyesha mama huyo kosa lake, asifaulu, wakakubaliana kuacha. Mama alipofika mlangoni aligeuka, akauliza kama pale husaidiwa watu wazima pia. Akarudi kuketi, akayamwaga ya ndoa yake. Hapo ndipo msaada ulipoanza, kwake na kwa mtoto. Wahenga wetu walikwisha kusema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 1957 Rogers aliandika yanayotakiwa kwa mshauri. Amheshimu mtu bila kumwekea masharti. Ajitahidi kuyaona mambo kama yule anavyoyaona. Awe mkweli, asijifanye. Elimu ya juu hakuihesabu kuwa sharti. Mshauri wa namna hii hahubiri wala haamuru, na kwetu sisi wa chama, tuliozoea kusema "fanya hivi", hilo lina ugumu wake.

MAFUNZO YENYEWE

Huko Uingereza wengi huyasoma jioni au mwisho wa wiki. Huanza na cheti cha ustadi wa kusikiliza, kisha stashahada. Chama cha washauri cha huko, BACP, hutaka mafunzo ya miaka 2 kwa anayesoma huku akifanya kazi, pamoja na saa 100 za kuketi na watu wenye shida chini ya uangalizi wa mshauri mzoefu. Kozi nyingi humtaka mwanafunzi naye aende kwa mshauri, ayatazame yake kwanza. Kwa jirani zetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2014 inataka washauri nasaha wasajiliwe, kwa hiyo cheti cha semina ya siku tatu hakitoshi.

Sasa tupige hesabu. Saa 100, kwa saa 2 kila wiki, ni wiki 50. Mara nyingi saa hizo hazilipwi. Ongeza ada na nauli. Mchuma chai hulipwa kwa kilo, na siku asiyoingia shambani haina mshahara. Mlango uko wazi, lakini kizingiti ni kirefu kwa mtu wa kipato kidogo. Ndiyo maana washauri wengi hutoka katika watu wasioijua zamu ya usiku.

Dawa ipo. Mwaka 1974 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Na. 140 wa likizo ya masomo yenye malipo. Kenya na Tanzania zimeuridhia. Tuupeleke kwenye meza ya majadiliano, tudai saa za masomo ziandikwe katika mapatano ya hali bora za kazi.

TUWE MACHO

Jambo moja tusilisahau. Katika kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kampuni ya Western Electric iliajiri washauri kuanzia mwaka 1936 hadi 1956. Walizunguka kwenye mitambo, wakasikiliza wafanyakazi, wakatunza siri. Lakini hawakuwa na mamlaka ya kuondoa lolote katika yale waliyolalamikiwa. Mtu alisema, akapumua, akarudi kwenye mashine ile ile. Wakosoaji walisema hiyo ilikuwa njia ya kuwapoza wafanyakazi.

Kwa hiyo tuyatenganishe. Anayelia kwa sababu ya msiba anahitaji sikio. Anayelia kwa sababu amepunjwa anahitaji sikio na mshahara wake. Mshauri asiwe nyapara, wala asipeleke maneno kwa meneja. Na mwakilishi wa wafanyakazi akiwa mshauri pia, amweleze mwenzake tangu mwanzo amekaa katika kiti kipi siku hiyo.

Ndugu zetu, katika kila kiwanda na kila shamba yupo mtu ambaye wenzake humfuata jioni kumweleza yao. Mnamjua. Mtajeni katika mkutano wa tawi, mumwulize kama anataka kusoma. Akikubali, ada na saa zake ziwe dai la tawi zima, asiachiwe azibebe peke yake.