Nyangumi Buluu na Masikio ya Baharini

Nyangumi buluu ndiye mnyama mkubwa kuliko wote duniani, ila kumwona baharini ni nadra. Karne ya 20 nusura iwamalize kwa chusa, na uwindaji wao ukapigwa marufuku mwaka 1966. Waliosalia hutafutwa kwa masikio. Sauti husafiri majini kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde, na mvumo wa nyangumi, mzito kiasi cha binadamu kutousikia vyema, hufika mamia ya kilomita. Vinasa sauti kadhaa vikiunasa kwa nyakati tofauti, tofauti hizo hubainisha alipo.

Kila kundi lina wimbo wake, mithili ya Kiamu na Kimvita. Mwaka 2021, wanasayansi walieleza kwamba wimbo wa kipekee ulionaswa karibu na visiwa vya Chagos, katika Bahari ya Hindi, yaelekea ni wa kundi ambalo halikuwa limetambuliwa. Ajabu ni kwamba vinasa vyenyewe vilitegwa kusikiliza milipuko ya nyuklia! Hata hivyo, wimbo si sensa: wanaojulikana kuimba ni madume tu, hivyo idadi ya majike na ndama ingali fumbo.