Mabinti wa Masista wa Nyegina

Kila mtoto aliyepita shule Tanzania amesimuliwa habari za Kambarage Nyerere wa Butiama, aliyeanza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Habari za binti aliyekuja kuwa mkewe husimuliwa kwa uchache, ingawa ndizo zinazoonyesha vizuri zaidi serikali ya kikoloni ilivyomtazama mtoto wa kike wa Mara.

Maria Waningu Gabriel alizaliwa tarehe 31 Desemba 1930 upande wa Tarime, ng'ambo ya ghuba ambako leo boti za mwalo wa Mwigobero, Musoma, huvusha abiria hadi Kinesi. Alisoma kwa Masista Weupe wa Nyegina, nje ya mji wa Musoma, kisha Ukerewe, halafu Chuo cha Ualimu Sumve, Mwanza. Alipopata cheti akarudi kufundisha Nyegina.

Vituo vyote hivyo vilikuwa vya misheni. Mwingereza alitaka makarani, wakalimani na watoto wa machifu, na hesabu hiyo ilikuwa ya wavulana. Zipo shule za wasichana alizofungua, kama ile ya Unguja ya mwaka 1927, lakini zilikuwa za kuhesabika.

Misheni nazo zilikuwa na lao. Katekista alihitaji mke Mkristo, kwa hiyo pamoja na kusoma na kuandika binti alifundishwa dini, kushona, kupika na kulea.

Kikwazo kingine kilikuwa zizini. Kwa Wazanaki, Wakurya na majirani zao, ng'ombe wa mahari ya binti ndio waliomwozea kaka yake. Mzazi aliyemwacha bintiye bwenini aliwasubirisha wote wawili. Tusiharakishe kumwita mjinga. Serikali haikuwa na kiti cha ukarani kwa bintiye, na mbali ya ualimu, uuguzi na utawa, alikuwa na machache ya kutumainia.

Maria alifunga ndoa na Nyerere mwaka 1953. Miaka miwili baadaye mumewe aliacha ualimu Pugu kwa ajili ya chama cha TANU, mshahara ukakatika, na Maria akaendesha duka dogo Dar es Salaam.

Mabinti wa bweni wa miaka ya 1940, wa Nyegina na wa Wamenonaiti wa Shirati, wamebaki wachache. Mwenye bibi wa aina hiyo nyumbani amuulize leo, na ayaandike majibu yake.