Ishara Zinazosafiri kwa Jozi

Wiki mbili kabla ya kukabidhi memwari yake, mwanafunzi mmoja wa idara yetu alifungua kompyuta yake ndogo akakuta skrini imejaa mistari ya rangi. Akiegemeza kifuniko kidogo, picha inarudi. Akikisimamisha, mistari inarudi. Duka moja la mjini likamwambia skrini imekufa, anunue nyingine. Fundi wa Buyenzi aliifungua, akatoa kebo nyembamba inayopita kwenye bawaba, akasema: "Skrini nzima. Jozi moja imekatika."

Jozi gani? Sisi walimu wa lugha hutumia mashine hizi kila siku bila kujiuliza, na swali hili lina faida hata darasani.

Kwa njia ya zamani, ishara ilipita katika waya mmoja. Volteji ikiwa juu, kipokezi kinasoma 1; ikikaribia sufuri, kinasoma 0. Shida ni kelele za umeme: mota ikiwaka jirani, volteji ya waya inapanda bila kutumwa, na kipokezi kinadanganyika.

Mwaka 1994 kampuni ya National Semiconductor ya Marekani ilileta mtindo ujulikanao kwa kifupi kama LVDS. Hapa kila ishara hupewa nyaya mbili zinazokwenda bega kwa bega. Mkondo mdogo, kama milliampea 3.5, huenda kwa waya mmoja, hupita katika kikinza cha omu 100 upande wa kipokezi, kisha hurudi kwa waya wa pili. Kati ya nyaya hizo hutokea tofauti ya volti 0.35 tu. Mkondo ukigeuzwa mwelekeo, 1 huwa 0.

Tuchukue mfano. Waya wa kwanza una volti 1.375, wa pili 1.025. Kelele ikaja ikaongeza 0.2 kote kuwili: sasa ni 1.575 na 1.225. Tofauti ni ile ile, 0.35. Kipokezi hakiulizi "volti ngapi?" bali "upi uko juu ya mwenzake?" Na kwa kuwa tofauti inayogeuzwa ni ndogo, hugeuzwa upesi sana, mara mamilioni mengi kwa sekunde, bila kula umeme mwingi.

Msemaji wa Kirundi ana jambo hili kinywani mwake. Neno *inda* huweza kuwa tumbo au chawa, na toni ndiyo huyatenga. Lakini toni ya juu si kipimo maalumu cha sauti. Mtoto na mzee hawalingani sauti, na anayeita kutoka ng'ambo ya barabara hupandisha silabi zote. Msikilizaji hulinganisha silabi na jirani yake, basi. (Wanafunzi wa fonolojia wanaosumbuliwa na toni waanzie hapa.)

Turudi kwenye bawaba. Katika skrini nyingi za wakati wa LVDS, jozi tatu zilibeba rangi na jozi ya nne ilibeba mapigo ya saa. Jozi moja ya rangi ikikatika, rangi zinavurugika ingawa skrini haina kosa. Ikikatika ya saa, picha yote inapotea. Desemba 2010 Intel, AMD na wenzao walitangaza kuiacha LVDS katika kompyuta, na warithi wake wakashika nafasi. Hao nao hutumia jozi, kama zifanyavyo nyaya mbili za data katika kebo ya USB ya kawaida.

Limebaki suala la istilahi. Nimesikia "ishara tofautishi". Silipendi: kiambishi hicho kinaifanya ishara kuwa mtendaji, kana kwamba yenyewe ndiyo inayotofautisha vitu, wakati kazi hiyo ni ya kipokezi. "Ishara ya tofauti" ni sahihi, ila hapa Bujumbura wengi wataielewa kuwa ishara isiyofanana na nyingine. Mimi nachagua neno la yule fundi, ishara ya jozi. Mwenye hoja nyingine atuandikie kabla ya toleo lijalo.

Kebo ilibadilishwa siku ile ile, na memwari ikakabidhiwa kwa wakati.