Dakika Nne za Yai la Asubuhi

Yai lililotagwa jana kwenye banda la uani, Chanika, lina kitu ambacho mpishi wa hoteli ya katikati ya jiji hukitafuta kwa taabu: ute mzito ulioshikamana na kiini. Ute huo ndio unaowezesha yai kupikwa majini bila ganda na bila tone la mafuta, likatoka jeupe na laini, kiini chake kikiwa bado uji. Upishi huu umezoeleka zaidi kwenye vifungua kinywa vya hoteli za watalii, ndiyo maana wengi huudhania kuwa mgumu, wa watu wa mbali. Unachotaka ni maji, yai jipya na mtu aliyetulia kwa dakika nne.

Hilo la kutulia ndilo lenye kazi.

Chanika iko pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa kusini-magharibi, ukishapita vilima vya Pugu, katika wilaya ya Ilala. Anayefanya kazi Kariakoo au Posta hutoka nyumbani kungali giza, awahi daladala ya kupitia Pugu na Gongo la Mboto kabla foleni haijaanza kukaza Barabara ya Nyerere. Kifungua kinywa chake ni cha njiani: chapati iliyofungwa kwenye karatasi, vitumbua viwili, chai ya rangi anayoinywa amesimama. Au yai la kuchemsha. Kijana anayeliuza hulimenya kwa kidole gumba, akalipasua katikati kwa kisu kidogo, akajaza kachumbari na pilipili, akamkabidhi mteja, yote kabla konda hajamaliza kuita abiria. Yai hilo ni tamu, hakuna wa kubisha. Ila huliwa macho yakiwa kwenye gari linaloingia stendi, na mlaji akishafika Pugu hakumbuki hata kama alilitia chumvi.

Wanaofundisha utulivu wa akili wameanzia hapohapo, kwenye chakula kinacholiwa bila kuonjwa. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya kupunguza msongo katika kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Zoezi linalojulikana sana katika mafunzo hayo ni la zabibu kavu moja tu: mtu anaitazama, anaigusa, anainusa, anaiweka ulimini, ndipo anaitafuna polepole. Naye Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibudha wa Vietnam aliyefariki mwaka 2022, aliwafundisha wafuasi wake kuosha vyombo kwa ajili ya kuosha vyombo, si kwa kuharakia chai inayofuata. Mtu wa Dar es Salaam hana haja ya kwenda mbali kulielewa hili. Aliyeamka akaswali alfajiri, au akapiga magoti kusali kabla watoto hawajaamka, anajua maana ya kuikusanya akili mahali pamoja. Kinachobaki ni kuhamia nayo jikoni kabla simu haijawashwa.

Na jikoni, yai linafaa kwa kazi hiyo kuliko chakula kingine chochote cha asubuhi. Maharage hujipikia yenyewe. Uji unaweza kukorogwa huku mtu akizungumza na jirani dirishani. Yai la majini hubadilika mbele ya macho kwa muda mfupi sana, na ukigeuka kutazama ujumbe mmoja tu, kiini kimekwisha kukauka.

Kazi inaanza dukani au bandani. Watu hubishana sana kati ya yai la kienyeji na la kisasa. Kwa upishi huu, ubishi huo hauna uzito. Cha kuulizia ni siku. “Mangi, mayai haya yameingia lini?” ni swali la maana kuliko rangi ya ganda. Ganda la yai lina vitundu vidogo kwa maelfu, na kupitia humo yai hupoteza unyevu pamoja na hewa ya kabonidayoksaidi. Hewa hiyo ikitoka, ute hupoteza ile hali yake ya asili na kuwa mwepesi, wa majimaji, na joto la Dar es Salaam huuharakisha mwendo huo. Trei iliyoshinda juani kwenye kibaraza cha duka imezeeka kuliko tarehe inavyosema. Kipimo ni bakuli la maji. Yai jipya hulala chini. Lililokaa siku nyingi husimama wima, kwa sababu nafasi ya hewa iliyomo imepanuka. Linaloelea lisipewe nafasi sufuriani.

Hapo ndipo Chanika inapoizidi Masaki. Huku nje ya mji viwanja vingi bado vina uwanda wa kutosha kufuga, na kuku wachache wa uani si jambo la kushangaza. Anayeokota yai lake jioni na kulipika asubuhi ana yai ambalo supamaketi haiwezi kumuuzia. Mfugaji azingatie jambo moja tu: kuku waliopewa dawa, hasa antibiotiki, mayai yao yasiliwe hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti.

Sasa sufuria. Maji ya kina cha vidole vinne yanatosha. Yakichemka, moto upunguzwe hadi maji yawe yanatoa vipovu vidogo chini bila kutokota. Ute huanza kushika kwenye nyuzi joto 62 hivi, na kiini huanza kuganda kati ya 65 na 70. Nyuzi 100 za maji yanayotokota hazihitajiki kabisa, na vurugu ya mapovu huuchana ute vipandevipande. Kijiko kimoja cha siki kwa lita moja ya maji, au ndimu iliyokamuliwa, husaidia ute ushikane haraka, kwa kuwa asidi hupunguza nguvu inayozifanya protini zake zisukumane. Ikizidi, yai huwa chachu na ngozi yake hukunjamana.

Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo inayoamua sura ya yai. Hata yai jipya lina ute mwepesi kidogo pembeni. Huo ndio unaotawanyika majini kuwa nyuzinyuzi nyeupe na kumkatisha mpishi tamaa. Harold McGee, mwandishi wa Marekani anayeeleza sayansi ya jikoni, alipendekeza yai lipasuliwe kwanza juu ya kijiko cha matundu ili ute huo udondoke. Chujio la chai lililopo kila nyumba linafanya kazi hiyo vizuri sana. Yai linatikiswa humo taratibu kwa sekunde chache, ute mwepesi unatiririka kwenye bakuli, na kinachobaki kimejikusanya chenyewe. Hapo linamiminwa kwenye kikombe kidogo, kile cha kahawa kinatosha, na mdomo wa kikombe unagusishwa maji kabisa ndipo yai liachiwe.

Kuanzia hapo mikono haina kazi tena. Ute unaanza kwa kuwa kama moshi, kisha ukingo unakuwa mweupe, weupe unapanda taratibu juu ya kiini mpaka ule unjano unafunikwa na utando mwembamba. Ndimu inanukia. Dakika ya tatu, yai linainuliwa kwa kijiko cha matundu na kubonyezwa kidogo kwa ncha ya kidole: ute uwe umeshika, katikati pawe panabonyea. Likihitaji, linarudishwa kwa dakika moja zaidi.

Jiko la mkaa halipunguzwi moto kwa kuzungusha kitufe, lakini halimzuii mtu. Maji yakichemka, sufuria inaipuliwa, mayai yanaingizwa, inafunikwa, na joto lililobaki linamaliza kazi kwa dakika nne. Wenye mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wana wepesi zaidi, na idadi yao inatarajiwa kukua: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034.

Kiini cha uji hakimfai kila mtu. Yai linaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kifikie nyuzi joto 70 ndani. Watoto wadogo, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu walipikiwe mpaka kiini kikaze kabisa. Yai lililokaza bado ni laini kuliko la kukaanga, na bado lina gramu 6 hivi za protini.

Mkate wa kuokwa, ambao wageni huuwekea yai hili, si lazima hata kidogo. Muhogo wa kuchemsha unalipokea vizuri zaidi: kiini kinapasuka, kinaingia kwenye nyufa za muhogo, na chumvi na pilipili vinamaliza. Juu ya mchicha wa nazi uliobaki jana ni bora kupita yote haya. Waturuki wana mlo wao wa tangu enzi za Wauthmaniya, çılbır, mayai ya majini juu ya mtindi wenye kitunguu saumu. Anayepata mtindi mzito mtaani kwake anaweza kuujaribu Jumapili.

Jumapili pia ndiyo siku ya nyumba iliyojaa, na hakuna anayeweza kusimamia mayai kumi kwa wakati mmoja kwa utulivu. Jikoni za hoteli hazijaribu. Mayai hupikwa mawili mawili mapema, yakatiwa kwenye maji baridi sana, yakahifadhiwa kwenye friji, na wakati wa kula hurudishwa kwenye maji ya moto kwa dakika moja. Yaliyokusudiwa watoto hukazwa tangu mwanzo, na huwekwa bakuli lake peke yake yasichanganyike na mengine.