Mvua ya mawe: Maji yaliyokwama ndiyo adui wa paa

BARAFU ya Mlima Kenya iko juu sana, karibu na vilele, na haijapata kumbomolea mkazi wa Ruiri nyumba yake. Barafu ya kuogopwa huko Meru ni ile ishukayo kutoka mawinguni: mvua ya mawe ambayo, licha ya jina lake, haina jiwe hata moja.

Mawe hayo hufanyika ndani ya wingu zito la radi. Hewa yenye joto hupanda kwa kasi ikibeba matone ya maji hadi penye baridi kali, yakaganda na kuongezeka tabaka juu ya tabaka, mpaka hewa ikashindwa kuyabeba. Katika nchi za tropiki mengi huyeyuka njiani, ndiposa mkazi wa Mombasa huyaona kwa nadra. Nyanda za juu safari ni fupi. Mashamba ya majani chai ya Kericho na Nandi yanajulikana ulimwenguni kwa wingi wa mvua hiyo, na mnamo Septemba 2008 mteremko wa Busara, karibu na Nyahururu, ulifunikwa na barafu hata wenyeji wakadhani ni theluji.

Wengi huamini kwamba hasara hutokana na kishindo cha mawe juu ya mabati. Bati zima lenye unene wa kutosha kwa kawaida hubonyea tu. (Mnunuzi akumbuke kuwa geji hupimwa kinyume: bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28.) Kinachoharibu nyumba zaidi ni barafu kurundikana kwenye mlizamu, ambao mafundi huuita gata, na pale miteremko miwili ya paa inapokutana. Maji yakikosa njia hurudi nyuma, yakapenya chini ya mabati, yakalowesha dari na kuozesha mbao. Katika nchi za kaskazini theluji huleta balaa iyo hiyo kwa majuma kadhaa. Huku kwetu saa moja yatosha.

Kwa hiyo kinga huanzia kwenye mlizamu. Usafishwe majani kabla ya misimu ya mvua, yaani Machi na Oktoba, na uwe na mwinamo wa kutosha kuelekea bomba la kuteremshia maji. Paa lililo karibu tambarare hukawia kumwaga barafu. Anayejenga upya aliinue. Bati la plastiki linalopitisha mwanga hukaushwa na jua likawa kama kigae, hivyo libadilishwe kabla halijapasuka.

Misumari nayo hudharauliwa mno. Ipigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde linalopitisha maji, na iwe na kofia pana yenye raba. Kwa kuwa dhoruba ya mawe aghalabu huandamana na upepo, misumari iongezwe kwenye kingo za paa, kwani huko ndiko upepo huanza kung'oa. Hata hivyo, misumari mingi haifai kitu ikiwa mbao hazikufungwa kwa waya au ukanda wa chuma hadi ukutani. Paa zima laweza kuondoka na mabati yake yote.

Barafu ikishatanda, asipande mtu juu kungali na radi. Isukumwe kutoka chini kwa mti mrefu. Chumvi, inayotumiwa ng'ambo kuyeyushia barafu, isitumiwe kabisa kwa sababu hula zinki ya bati na kuleta kutu.

Kwa mtu wa Ruiri, ambako ardhi huanza kukauka kuelekea Isiolo, paa ni chanzo cha maji pia. Milimita 20 za mvua juu ya paa la mita 50 za mraba ni lita 1,000. Mlizamu uking'olewa na uzito wa barafu, maji hayo humwagika uani, na tangi hubaki tupu hadi fundi apatikane. Vishikizo vya mlizamu, basi, vikaguliwe siku ile ile ya kuondoa majani.